Kicheko cha Mama Kayai na ulimi wa mtoto wa Kakamega

Wahenga walinena kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Methali hii ilinijia akilini muhula uliopita nilipokuwa nikisimamia mazoezi ya ufundishaji ya wanafunzi wangu hapa Kakamega, vijana ambao karibuni watatumwa shuleni kuwa walimu wa Kiswahili. Msichana mmoja, ambaye insha zake ni miongoni mwa zile bora kabisa nilizowahi kuzisahihisha, alikataa katakata kusimama mbele ya wenzake kufundisha kipindi cha majaribio. Nilipomwita ofisini na kumsaili, alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Mwalimu, mimi nikifungua kinywa watu hawasikii ninachosema. Wanasikia kipindi cha runinga.”

Akanieleza kwamba tangu alipokuwa darasa la sita, wenzake walimpachika jina la mjakazi mmoja maarufu katika mchezo wa kuchekesha, kwa sababu tu alitamka maneno ya Kiswahili kwa namna wanavyoyatamka wazazi wake. Jina hilo lilimfuata hadi shule ya upili, likavuka naye lango la chuo kikuu. Nilitaka kumlaumu aliyelianzisha. Lakini nilikumbuka, na ni lazima nikiri mbele yako mpenzi msomaji, kwamba wiki ya tatu ya muhula huo huo, msichana huyo aliposoma kifungu kwa sauti na darasa likaangua kicheko, mwalimu wao aliyesimama pembeni naye alitabasamu. Mwalimu huyo ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, wasanii wetu wa vichekesho ndio waliotufunza kuwacheka watoto wetu? Na ikiwa ndivyo, yatupasa tuwaweke wapi wanawake mashuhuri waliotumia maisha yao kutuchekesha, akiwemo yule aliyetangulia wengi wao, Mama Kayai?

Tuanze na huyo Mama Kayai. Kwa vijana waliozaliwa majuzi, jina hilo huenda ni la kusimuliwa tu. Kwa sisi tuliokulia vijijini katika miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, lilikuwa jina la mtu wa nyumbani. Mwigizaji mwenyewe anaitwa Mary Khavere. Kuanzia miaka ya 1980, wakati shirika la utangazaji la taifa lilipokuwa likiitwa Sauti ya Kenya, na baada ya mwaka 1989 lilipopewa jina la KBC, alionekana katika Vitimbi akiigiza nafasi ya mke wa Mzee Ojwang'. Mzee Ojwang' naye, kwa jina lake halisi Benson Wanjau, alikuwa nguzo ya mchezo huo hadi uzeeni, na alifariki dunia jijini Nairobi mnamo Julai 2015. Wawili hawa waliishi katika fikira za Wakenya kama mume na mke kwa muda mrefu hivi kwamba wengi walishangaa kuambiwa kuwa hawakuwa wameoana hata siku moja. Mama Kayai mwenyewe amelazimika mara kadhaa kuwaeleza watu kwamba ile ilikuwa ndoa ya kazini.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa kijijini kwetu aliyekuwa na runinga ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Betri ikiisha nguvu ilibebwa hadi sokoni kutiwa moto. Antena ilikuwa imefungwa juu ya mti mrefu wa mwanzi, na kijana mmoja alikuwa na wajibu wa kuuzungusha huku wengine dirishani wakimwambia “hapo hapo, usiguse!” Siku ya Vitimbi, ua wote ulijaa. Wazee walikalia viti, akina mama mikeka, nasi watoto tulikaa chini kabisa, shingo zimenyooka kama za kuku wanaongoja mtama. Mama Kayai alipoingia na kuweka mikono kiunoni, hata kabla hajatamka neno, akina mama wa kijijini walianza kucheka. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba Ojwang' amenaswa.

Ni vyema tukumbuke walikuwa wakicheka nini. Mzee Ojwang' alikuwa mtu wa mipango isiyokwisha: leo ana njia ya kupata fedha za haraka, kesho anaficha jambo ambalo kijiji kizima kimekwisha kulijua. Mama Kayai ndiye aliyeziona hila hizo kabla hazijakamilika. Alikuwa mwepesi wa maneno na mgumu wa kudanganyika. Katika nchi ambayo mwanamke wa kijijini aliambiwa asikatize mazungumzo ya wanaume, alisimama mbele ya taifa kila wiki akimhoji mumewe kama hakimu. Kwa hakika, kicheko cha akina mama wale kilikuwa na ladha ya haki. Walicheka kwa kuwa mmoja wao alikuwa ameshinda.

Sasa tuje kwenye lugha, maana huko ndiko nilikosomea na ndiko lilikolala fumbo letu. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa. Lakini Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, na aliizungumza kwa ustadi hata wengi wakaapa kwamba ni mtoto wa Nyanza. Wanaisimu wanafahamu kwamba Dholuo haina sauti ile inayoandikwa sh, ndiyo maana mzungumzaji aliyejifunza Kiswahili ukubwani huweza kusema “sule” pale anapokusudia “shule”. Kikuyu nacho hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hivyo mtu aliyelelewa katika Kikuyu, ili aigize Mjaluo, hana budi kwanza kuzifahamu tabia za ulimi wake mwenyewe na kuziweka kando, kisha avae tabia za ulimi mwingine. Hiyo si kazi ya mchezo. Ni uchunguzi wa fonolojia uliofanywa na mtu ambaye hakuwahi kuuandikia tasnifu.

Angalia pia jina la mwigizaji mwenzake. Khavere ni jina lenye kh, na sauti hiyo haina makao mengine nchini yaliyo mashuhuri kuliko huku kwetu Magharibi. Pale Kiswahili kinapoanza kitenzi-jina kwa ku-, Mwisukha, Mwidakho na majirani zao wengi husema khu-. Ni kikwamizo kinachotokea kwenye kaakaa laini, sauti safi isiyo na ila yoyote. Na ndiyo sauti hasa iliyomfanya mwanafunzi wangu achekwe, kwa kuwa iliponyoka na kuingia katika Kiswahili chake.

Hapa naomba mwalimu anisikilize kwa makini. Neno letu “habari” limetoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo linaanza kwa kh. Waswahili wa zamani waliliandika na kulitamka “khabari”, na hata leo utawasikia wazee wa Pwani na Unguja wakilitamka hivyo, nasi tukiwasifu kwa ufasaha. Kwa hivyo sheikh wa Lamu akisema “khabari” tunasema amebobea; mtoto wa Khayega akisema “khabari” tunasema ameharibu. Sauti ni ile ile, neno ni lile lile. Kilichobadilika ni kinywa kilichoitamka na heshima tuliyokwisha kuamua kukipa au kukinyima kinywa hicho.

Wala sisemi kwamba kila matamshi ni sawa. Iwapo mwanafunzi haoni tofauti ya b na p, akaandika “papa” alipokusudia “baba”, basi maana imepotea na mwalimu ana wajibu wa kumsahihisha. Jambo hili lina sababu zake za kiisimu. Katika Lubukusu, kwa mfano, vipasuo ghuna kama b, d na g hujitokeza aghalabu baada ya nazali tu. Mtoto aliyekuzwa katika mfumo huo akikutana na neno la Kiswahili lenye kipasuo ghuna kinachosimama peke yake, sikio lake hulipeleka neno hilo kwenye sauti iliyo karibu anayoifahamu. Huo si ujinga. Ni mfumo mmoja unaojaribu kuupokea mwingine. Mwalimu anayejua hivyo hutafuta mazoezi ya sauti. Asiyejua hutafuta kiboko au kejeli.

Aidha, kile tunachokiita “lafudhi ya Kiluhya” hakipo kama kitu kimoja. Jamii hii ina lugha na lahaja zaidi ya 15, nazo hazifanani katika jambo hili hili. Mlogooli wa Vihiga husema ku- kama Mswahili, wala hana shida yoyote ya g, kwani jina la lugha yake, Lulogooli, linayo. Lafudhi tunayoisikia katika vichekesho ni kikapu ambamo vimetiwa vipande vya Bungoma, Kakamega na Busia, kisha kikatikiswa. Ni kibonzo cha sauti. Msanii ana ruhusa ya kuchora kibonzo. Tatizo ni pale tunapochukua kibonzo na kukibandika usoni mwa mtoto aliye hai.

Hebu sasa turudi kwenye Vitimbi, maana bado sijajibu swali langu. Nilipoanza kuwatetea wasanii mbele ya mwanafunzi wangu, aliniuliza: “Lakini Mwalimu, si hao hao ndio waliotufundisha kwamba lafudhi ni kichekesho?” Swali lake lilikuwa zito, nami naligawanya katika sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni hii. Katika Vitimbi na mwenzake Vioja Mahakamani, hapakuwa na mtu asiyekuwa na lafudhi. Palikuwa na lafudhi ya Nyanza, ya Magharibi, ya Ukambani, ya Bonde la Ufa na ya Pwani. Kenya nzima ilikuwa imeketi kwenye jukwaa moja, kila mtu na ulimi wake, na wote wakielewana kwa Kiswahili. Palipo na lafudhi za kila namna, hakuna aliye kituko kwa ajili ya lafudhi; kinachobaki cha kuchekwa ni tabia: ulafi, uongo, majivuno, uvivu. Darasani hali ni tofauti. Watoto 49 wanajidai kutamka kama mtangazaji wa habari, na mmoja anaachwa peke yake na ulimi wa nyumbani kwao. Hapo lafudhi yenyewe ndiyo inayogeuzwa kosa. Kwa hivyo Mama Kayai hakutufunza kuwacheka wanyonge. Sisi ndio tuliokikata kicheko chake kutoka katika mti wake na kukipanda mahali pasipofaa.

Sehemu ya pili inatia uchungu zaidi, nami sitaificha. Baada ya Vitimbi, michezo ya kuchekesha ilizaliwa katika vituo vingine. Mwaka 2007 runinga ya Citizen ilianza kuonyesha Papa Shirandula, mchezo ulioongozwa na marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020 wakati wa janga la korona. Ndani yake walipata umaarufu waigizaji wawili wa kike ambao hatuwezi kuwapuuza: Jacqueline Nyaminde katika nafasi ya Wilbroda, na Jacky Vike katika nafasi ya Awinja. Wote wawili ni mafundi wa kazi yao. Awinja hasa, kwa uso wake usiotikisika na maneno yake yaliyochongoka, alimpa mjakazi ulimi wa kuwajibu wakubwa wake. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini hebu tujiulize swali la mwalimu: katika michezo yetu mingi, nani anapewa lafudhi ya Kiluhya? Papa Shirandula ni bawabu. Awinja ni mjakazi. Daktari, wakili na meneja wa benki, mara nyingi huzungumza Kiswahili au Kiingereza kisicho na kijiji. Msanii mmoja mmoja hana hatia. Yeye huigiza nafasi aliyopewa, na akiiigiza vizuri humpa mhusika wake utu kuliko mwandishi alivyokusudia. Hata hivyo, nafasi hizo zikirudiwa mwaka nenda mwaka rudi, sikio la mtazamaji hujifunza somo ambalo hakuna aliyelifundisha: kwamba lafudhi fulani ni ya langoni na jikoni, na nyingine ni ya ofisini. Mwanafunzi wangu alipochekwa, hakuchekwa kwa sababu ya kh peke yake. Alichekwa kwa kuwa wenzake walisikia jikoni katika sauti ya mtu aliyetaka kuwa mwalimu. Na ikiwa tutasema kweli, watu wanaofanya kazi hizo za lango na jiko ni mama zetu na kaka zetu. Aibu haikupaswa kuwepo hata huko.

Huenda msomaji akadhani kwamba ugonjwa huu ni wetu peke yetu. La, hasha. Waingereza, ambao lugha yao tunaililia usiku na mchana, wanaupima utu wa mtu kwa matamshi tangu zamani. Oktoba 2025 walimzika katika nyoyo zao mwigizaji wao mkubwa wa vichekesho, Patricia Routledge, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 96. Alizaliwa Februari 1929 katika mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, akasomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Liverpool kabla ya kuingia jukwaani. Alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa tamthilia kabla dunia haijamjua kwa kuchekesha: alipata tuzo ya Tony huko Marekani mwaka 1968, na tuzo ya Olivier nyumbani kwao mwaka 1988. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 60 alipopata nafasi iliyomfikisha katika nyumba za watu wa mataifa mengi, katika mchezo wa BBC uitwao Keeping Up Appearances, uliotungwa na Roy Clarke na kuonyeshwa kati ya mwaka 1990 na 1995. Mwaka 2017 taifa lake lilimpa cheo cha heshima cha Dame.

Mhusika aliyemwigiza anaitwa Hyacinth. Ukoo wa mumewe ni Bucket, neno ambalo kwa Kiingereza ni ndoo ya kawaida ya kutekea maji. Lakini Hyacinth anashikilia kwamba jina hilo litamkwe kama lile neno la Kifaransa la shada la maua. Akiinua simu hubadilisha sauti yake ikawa ya kimalkia. Ana dada zake, Daisy na Rose, na shemeji aitwaye Onslow ambaye hushinda amevaa fulana akitazama runinga. Hawa wanazungumza kama walivyozaliwa, na Hyacinth huona haya kubwa kuonekana nao. Utamu wa mchezo huo ni kwamba mtazamaji hamcheki Onslow. Humcheka Hyacinth. Kicheko kinamwangukia yule anayekana ndoo ya nyumbani kwao, wala hakimgusi anayeibeba bila kujali.

Nilipokuwa nikimweleza mwanafunzi wangu habari hizi, alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Kumbe darasani mwetu,” akasema, “Hyacinth ni wale wanaonicheka.” Nami sikuwa na la kuongeza. Wengi wa waliomcheka ni watoto wa Lurambi, Malava na Mumias. Nyumbani, wakiwa na nyanya zao, wao pia husema khu-. Walimcheka kwa sababu alisema hadharani jambo ambalo wao walikuwa wakilificha. Ndoo wanayo wote. Yeye tu ndiye aliyeonekana nayo.

Sasa, somo letu sisi walimu ni lipi? Napendekeza mambo matatu, wala hayahitaji fedha wala agizo la Wizara.

Kwanza, tutofautishe kosa na lafudhi. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Tulipokipa hadhi hiyo, hatukusema kwamba kitakuwa cha taifa kwa sharti la kutamkwa kama kule Unguja. Usanifu wa lugha unahusu hasa msamiati, sarufi na tahajia. Palipo na hatari ya kupotosha maana, turekebishe kwa upole na kwa zoezi. Pasipo na hatari hiyo, tusikilize hoja ya mtoto na kuiacha sauti yake.

Pili, tuvitumie vichekesho hivi katika somo la isimujamii. Wanafunzi wa shule za upili huulizwa swali la isimujamii katika mtihani wao, na wengi hulijibu kwa kukariri orodha ya sifa za sajili kama wanavyokariri meza ya kuzidisha. Waonyeshwe kipande cha Mama Kayai na Ojwang', kisha waulizwe: nani anamcheka nani hapa? Kwa nini? Lafudhi imepewa mhusika yupi, na kazi yake ni ipi? Je, kicheko hiki kinampandisha au kinamshusha? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali haya atakuwa ameelewa isimujamii kuliko aliyekariri kurasa kumi. Na atafikiri mara mbili kabla ya kumpachika mwenzake jina.

Tatu, tuwaheshimu waliotufanyia kazi hii wakingali hai. Tunao mtindo mbaya katika nchi yetu wa kumsahau msanii akiwa mzima na kumlilia akiwa jenezani. Alipofariki Mzee Ojwang', taifa zima lilijaa maneno matamu. Wengi wetu hatukuwahi kumwandikia hata sentensi moja katika vitabu vyetu vya masomo. Tunasomesha wanafunzi kuhusu waandishi, na ni haki. Eneo hili limewazaa watu kama Francis Imbuga, mtunzi wa Betrayal in the City, tamthilia iliyosomwa shuleni kwa miaka mingi. Naye alifariki Novemba 2012. Lakini mwanamke aliyesimama mbele ya kamera kwa miongo kadhaa, akiwafunza mamilioni ya watu namna Kiswahili kinavyoweza kubeba ugomvi, mapenzi, hila na msamaha, hana hata sura moja katika historia ya fasihi tunayoifundisha. Tumeiita kazi yake mchezo, tukadhani neno hilo lina maana ya upuuzi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Ikiwa tumekubali kwamba ngoma ni turathi, kwa nini kicheko kisiwe turathi?

Nimalizie kwa msichana yule. Sikumlazimisha kusimama. Badala yake, nilianza kipindi kilichofuata kwa kuwaomba radhi wanafunzi wote, na hasa yeye, kwa tabasamu langu la wiki ya tatu. Darasa lilinyamaza kimya. Nadhani hawajazoea kumsikia mwalimu akiomba radhi. Kisha nikasimulia hadithi ya neno “khabari”. Wiki mbili baadaye alikuja mwenyewe ofisini akaniambia kwamba angependa kufundisha kipindi chake, na kwamba mada yake itakuwa lafudhi katika Vitimbi.

Siku hiyo alisimama mbele ya wenzake akiwa ameshika chaki kwa nguvu hata vidole vikamgeuka rangi. Alipotamka sentensi ya kwanza, sauti moja nyuma ilianza kucheka. Hakuinamisha kichwa. Aliweka mikono kiunoni, akamtazama aliyecheka, akangoja, kama alivyongoja Mama Kayai mbele ya Ojwang' aliyenaswa. Darasa zima likacheka, na safari hii kila mtu alijua ni nani anayechekwa. Kisha akageuka ubaoni na kuendelea kufundisha.

Sikumpa alama za huruma. Alizipata kwa haki, na mbili nilizompunguza zilikuwa za kutopanga ubao vizuri. Kuhusu matamshi yake, katika fomu ya tathmini, niliandika neno moja tu: yanasikika. Hilo ndilo tunalopaswa kumwomba mwalimu yeyote, awe wa Lamu au wa Lugari. Mengine yote ni ndoo ya nyumbani kwao, na hakuna sababu ya kuiita shada la maua.